Mgeni wa Mama Komiti

Mtumbwi ulikuwa haujagusa vizuri ukingo wa pili, Honorine Gueu akasikia baba yake akitukanwa.

Mtukanaji alikuwa mwanamume mfupi, mabega mapana, aliyesimama ndani ya maji mpaka magotini akipokea watu mizigo. Hakumjua Honorine wala hakumtazama. Alikuwa akiwachekesha tu wale wageni waliokuwa wakitetemeka, maana walikuwa wametembea porini siku tatu wakiikimbia milio ya bunduki, na kuna wengine walikuwa hawajatoa neno tangu alfajiri.

"Karibuni, karibuni, msiogope! Hapa hamtampata mtu kama Gueu Mathurin! Mnamjua? Hammjui, basi mna bahati. Mwaka wa tisini tulivuka mto huu huu, sisi tukienda kwenu, akatupokea yeye. Akatupokea na panga! La kutukata? Wapi, la kufyekea kakao yake. Misimu minne, jamani! Siku akifa yule mbwa nafunga safari nikacheze ngoma."

Watu wakacheka. Honorine naye akacheka, kwa kuwa asiyecheka penye wanaocheka hutazamwa. Baba yake alikuwa amekufa miaka sita nyuma, na hakuna aliyecheza ngoma.

Akashuka na mtoto wake mgongoni, mtoto wa miezi saba, na fungu la nguo kichwani. Juu ya ukingo kulikuwa na kibanda cha makuti, na ndani yake meza, na nyuma ya meza mwanamke mwembamba mrefu wa miaka hamsini na kitu, mwenye kitambaa cha rangi ya udongo kichwani na penseli juu ya sikio. Wote walimwita Mama Komiti. Komiti yenyewe ilikuwa ya watu wa mji wa Gbeiplay waliowahi kuwa wakimbizi. Walikula ugeni miaka saba ng'ambo, wakarudi kwao Liberia, na sasa ng'ambo nako kumewaka baada ya uchaguzi, wakaona ni zamu yao kupokea. Hawakungoja gari la mashirika ya misaada. Walitoa meza shuleni, wakanunua daftari, wakakaa.

"Jina lako nani, mwanangu, na baba yako nani?"

Alimuuliza kwa lugha yao, ambayo upande huu inaitwa Kigio na ng'ambo inaitwa Kiyakuba, na ni lugha ile ile. Honorine alimwona yule mfupi akipanda ukingo na masufuria ya watu, bado anacheka.

"Clarisse," alisema. "Clarisse Doh. Baba yangu ni Doh Firmin."

Mama Komiti alimtazama. Hakumtazama sana, lakini alimtazama. Kisha akaandika kwa penseli. Mfukoni mwa blauzi yake kulikuwa na kalamu ya wino, nzuri tu, na kifuniko chake, na hakuigusa. Honorine akaiona. Tangu hapo hakupata amani.

Tuseme ukweli, jina halikuwa kosa kubwa. Ni nani aliyekimbia bunduki akafika salama na ukweli wote? Shida ni kwamba Honorine alihitaji kubaki Gbeiplay kuliko alivyohitaji chakula. Mumewe, Bertin Tia, alikuwa amebaki nyuma na mama yake mzee asiyeweza kutembea. Alimwambia, "Vukia Gbeiplay na usiende mbali, nitakufuata hapo hapo." Na Gbeiplay hawabaki wote. Asiyepata mwenyeji hupandishwa lori hadi kambi ya mahema, mwendo wa siku nzima kwa barabara mbovu, na huko watu ni maelfu. Mwenye mwenyeji naye habaki hivi hivi. Siku ikipangwa, mwenyeji humpeleka mgeni mbele ya chifu na kokwa za kola, mgeni hutaja jina lake na la baba yake juu ya kola, kola inavunjwa, inatafunwa. Kuanzia hapo mgeni akiiba, kesi huenda mlangoni kwa mwenyeji. Akifa, mwenyeji ndiye anayezika. Ndiyo maana hawaimezi kola ya mtu wasiyemjua.

Alikuwa akijiuliza ni mjinga gani atakayemtwaa mwanamke mwenye mtoto mchanga asiye na kitu, Mama Komiti akasimama na kujifunga kanga upya.

"Huyu anakuja kwangu," alisema.

Kwa nini yeye? Kulikuwa na vikongwe pale, kulikuwa na msichana mjamzito wa kuonewa huruma hata na mawe. Kwa nini mkuu wa komiti amchague yeye? Njia nzima Honorine aliligeuzageuza swali hilo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na yeye alihisi kamba yake imeshashikwa na mtu.

Nyumba ya Mama Komiti ilikuwa ya vyumba vitatu, ya matofali ya udongo, ua umefagiliwa. Alimpa Honorine chumba cha mbele, akampikia wali na mchuzi wa mawese, akamkogesha mtoto kwa maji ya vuguvugu bila kuombwa. Akiulizwa kitu alijibu. Asipoulizwa alinyamaza. Na Honorine hakuuliza kitu, kwa sababu swali huzaa swali, na mtu anayeficha hulipa kila jibu kwa jibu.

Siku ya tatu, asubuhi, Mama Komiti alikuja na panga.

"Mgeni siku mbili," alisema, na hakumalizia, ila alicheka kidogo na kumwekea panga mbele ya miguu. "Mtoto mwache na jirani. Tunakwenda kufyeka kwa Mzee Karnwie."

Honorine alilitazama lile panga. Akatupokea na panga! Sauti ya yule mfupi ilimrudia. Kumbe hivi ndivyo inavyolipwa, akawaza. Hapigi kelele, hatukani. Anakupa wali siku mbili, ya tatu anakuonyesha.

Maana alikumbuka. Alikuwa na miaka tisa walipoanza kuja Waliberia, na baba yake alikuwa na kakao ya mlima mzima. Aliwajengea vibanda vya makuti huko shambani, akawaambia watalala bure na kula bure na watafyeka. Kila Jumamosi Honorine alitumwa kuwapelekea chumvi na samaki wakavu. Baba hakuuliza majina. Mwanamume, mwanamke, mtoto, wote aliwaita jina moja: "We Liberia! Lete maji! We Liberia, njoo hapa!" Ukimwita mmoja waligeuka kumi. Honorine akiwa mdogo alidhani ndilo jina lao hasa, kama mtu anavyoitwa Pierre. Alikuja kujua ni jina la nchi alipofika darasa la tano, akaona haya, haya ya siku mbili tatu, kisha akasahau. Sasa haya ile ilikuwa imevuka mto pamoja naye.

Alifyeka siku nne kwenye kilima cha Mzee Karnwie, viganja vikatoka malengelenge, yakapasuka, akafyeka nayo. Mama Komiti alifyeka pembeni yake bila kupumzika. Yule mzee mwenye ardhi alikaa juu ya gogo akiwatazama toka asubuhi hadi jua kali, anatafuna kijiti. Siku ya nne ndipo alipomnyooshea Honorine kile kijiti.

"Huyu nani?"

"Bado," alijibu Mama Komiti.

Bado! Bado nini? Honorine aliinama akaendelea kufyeka, lakini neno hilo alirudi nalo nyumbani, akala nalo, akalala nalo.

Jioni hiyo hiyo, Mama Komiti anapepeta mchele, akauliza kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Baba yako nani vile?"

"Doh Fulgence," alisema Honorine upesi.

Alijua palepale kwamba amekosea. Firmin! Alisema Firmin mtoni! Mama Komiti alipuliza makapi, akaingia ndani, na Honorine akasikia kurasa za daftari zikifunguliwa, kisha mlio mdogo wa raba ikifuta. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na yeye ukingo alianza kuuona.

Kilichomtesa zaidi ni kwamba yule mwanamke hakukasirika. Mtu akikudaka kwenye uongo akakupigia kelele, unajua uko wapi. Huyu alifuta, akaandika jipya, akarudi kupika. Tena kila alipomwita alilitamka jina lote, "Clarisse Doh," taratibu, na wengine akiwakosoa: "Haitwi 'wewe wa ng'ambo,' anaitwa Clarisse." Honorine akaona ni kejeli. Anajua, aliwaza. Anajua jina si langu, ndiyo maana analirudiarudia, ananichezea kama paka na panya.

Yule mfupi, aliyeitwa Nyahn, alikuwa seremala na mjumbe wa komiti. Alikuja pale nyumbani mara kwa mara, akanong'onezana na Mama Komiti chini ya paa la jikoni, na Honorine akipita walinyamaza. Wiki ya pili akaja na kitanda kidogo cha mtoto, mbao zimepigwa randa mpaka zinateleza.

"Shika, Clarisse," alisema. Honorine alikuwa akianua nguo, hakugeuka. "Clarisse! We Clarisse!" Ndipo akageuka. Nyahn akaangua kicheko. "Mama Komiti, huyu mgeni wako vipi? Jina lake likiitwa anaanza kulitafuta. Clarisse, umelinunua juzi nini, halijakukaa mwilini?"

"Mwache," alisema Mama Komiti. "Wewe mwenyewe ng'ambo ulikuwa na majina matatu."

"Manne! Moja la mchele, moja la mafuta, moja la mahindi, na moja la polisi."

Wakacheka wote wawili mpaka Nyahn akajishika mbavu. Honorine aliweka kitanda ndani na kukikagua, akakigeuza chini juu, akapitisha mkono kila pembe kutafuta msumari uliosahauliwa makusudi. Hakukuwa na msumari. Hata hivyo mtoto alimlaza chini siku mbili zaidi.

"Sisi tunawajua," Mama Komiti alimwambia siku moja, wanaosha vyombo. "Wenye magari wanakuja na fomu, wanauliza mara moja, wanaandika kwa wino, wanaondoka. Wanadanganywa mchana kweupe. Komiti yetu inauliza mara tatu. Mtoni, siku mtu akishatoa jasho, na juu ya kola. Jina la mtoni ni la woga. La pili ni la aibu. La tatu ndilo tunaandika kwa wino."

"Na la tatu nalo likiwa la uongo?"

"Basi siku mtu wako akivuka kukutafuta," alisema Mama Komiti akimimina maji machafu, "atamtafuta nani?"

Mwingine angesikia shauri jema. Honorine alisikia mtego ukifunguliwa mdomo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu hakuwa ameumwa na mtu, alikuwa na hatia tu, na hatia ni mbaya kuliko kuumwa.

Siku ya kola ilikuwa Jumamosi ya wiki ya tatu. Asubuhi Mama Komiti alikuwa akiponda muhogo uliochemshwa, Honorine akikoroga mchuzi.

"Jana kivukoni," alisema Mama Komiti kati ya kuponda na kuponda, "kulitokea mwanamume anatafuta mkewe. Honorine fulani. Nikafungua daftari, nikalitafuta mwanzo mpaka mwisho. Hatuna Honorine. Nikamwambia, baba, panda lori la kesho, huenda yuko kambini."

Mwiko ulisimama ndani ya mchuzi.

"Yukoje?" alisema Honorine.

"Nani?"

"Huyo mwanamume."

"Kachoka," alisema Mama Komiti. "Wote wamechoka. Koroga, unashika chini."

Honorine akakoroga. Bertin! Alitaka kuacha mwiko na kukimbia mpaka shuleni, ambako lori lilikuwa likipakiwa. Ni mwendo mfupi, kuchungulia tu chini ya turubai. Kisha akasita. Kwa nini aniambie leo? Jana jioni alirudi, akala, akalala, hakusema. Anasema leo, siku ya kola, tena ameshusha macho kwenye kinu. Jina langu amelipata wapi? Nimeropoka usingizini? Nikikimbia kwenda kuchungulia nimekiri, na ndivyo anavyotaka, nichungulie. Nisipochungulia na ni Bertin kweli, atapelekwa kambini kumtafuta mke ambaye huku anapika mchuzi.

Alitafuta swali ambalo lingempa jibu bila kumfichua. Hakulipata. Hakuna swali la namna hiyo.

"Lori linaondoka saa ngapi, Mama?"

"Likijaa. Kabla ya saa sita. Vaa, tunachelewa."

Kibanda cha baraza kilikuwa kimejaa. Chifu alikaa kwenye kiti chake, mbele yake sahani nyeupe ya kola. Mzee Karnwie alikuwepo na kijiti chake. Nyahn alikuwa amekaa mbele kabisa, amevaa shati safi, na alimkonyeza Honorine kwa utani. Wageni watatu walitangulia. Walitaja majina, kola ikavunjwa, Mama Komiti akaandika kwa wino. Wa pili wao, mwanamume mmoja wa makamo, alitaja jina tofauti kabisa na lile la kwenye daftari, na watu wakaguna tu, "Ee, karibu," Mama Komiti akafuta la penseli na kuandika jipya bila hata kuinua kichwa.

Kisha akasimama na kumshika Honorine kiwiko.

"Chifu, wakubwa, nimekuja na mtu. Amefyeka, Mzee Karnwie amemwona kwa macho yake na amemkatia kipande cha shamba la mpunga. Nyahn amempa kitanda. Mimi nampa mlango wangu. Huyu ni mgeni wangu."

"Tumesikia," alisema chifu. "Mgeni ana mdomo. Atuambie jina lake na la baba yake."

Mama Komiti alichomoa kalamu kutoka mfukoni, akaitoa kifuniko, akangoja. Kutoka upande wa shule, injini ya lori ikawashwa. Ikakohoa, ikazima, ikawashwa tena, safari hii ikashika.

Honorine akaitazama ile kalamu. Anajua, aliwaza kwa mara ya mia. Amejua tangu mtoni, anataka niseme mwenyewe, mbele za watu. Haya basi, achukue.

"Clarisse si jina langu," alisema. "Mimi ni Honorine. Honorine Gueu. Baba yangu ni Gueu Mathurin, aliyekuwa na kakao ya mlimani. Amekufa. Na yule aliye kwenye lori ni mume wangu, kama kweli yuko." Alimgeukia Mama Komiti, machozi ya hasira yakimtiririka. "Ulikuwa unajua! Si ulikuwa unajua siku zote? Basi umefurahi?"

Lakini Mama Komiti hakuwa amefurahi. Kalamu ilikuwa imebaki hewani. Uso wake ulikuwa umepauka, mdomo wazi, na macho yalimtazama Honorine kana kwamba amemwona sasa hivi anashuka kwenye mtumbwi. Hakuwa akijua. Hakuwa akijua lolote, ila kwamba mgeni wake ana jina la uongo kama wageni wote.

Nyahn alikuwa ameshasimama.

"Gueu nani? Gueu Mathurin? Mwanawe? Nimempigia randa kitanda mjukuu wa Gueu! Kwa mikono hii! Siku tatu!" Aliinua mikono yote miwili watu waione. "Mtoeni! Apande lori! Sisi tulilala chini kwake, kwenye siafu, na yeye analala kitandani kwangu?"

Kelele zikaanza. Kumbe hakuwa Nyahn peke yake, walikuwepo wengine watano sita waliofyeka mlima ule. Mwanamke mmoja aligonganisha viganja na kusema, "Ndiyo maana! Ndiyo maana!" ingawa hakueleza ndiyo maana nini. Chifu aligonga fimbo mara tatu.

"Kola haijavunjwa," alimwambia Mama Komiti. "Ichukue kokwa yako, ukitaka. Ulimsemea mtu mwingine. Hakuna atakayekulaumu."

Mama Komiti alimsogelea Honorine karibu sana.

"Ulikuwa unaleta chumvi," alisema polepole. "Kulikuwa na mtoto wa kike. Jumamosi. Ana beseni kichwani."

"Ndiyo," alinong'ona Honorine.

"Nilikuwa wa pili kwenye mstari. Kila Jumamosi, misimu minne. Ulikuwa unanimiminia kiganjani. Hunikumbuki?"

Honorine alimtazama, akautafuta uso ule katika nyuso zote za mlimani, na hazikuwa nyuso, zilikuwa viganja tu. Akatikisa kichwa.

"Baba yako akitaka kuniita, aliniitaje?"

Lori lilisikika likinguruma palepale lilipo.

"Sema, wasikie."

"Liberia," alisema Honorine.

"Na wewe?"

"Liberia."

"Ulikuwa mtoto," alisema Mama Komiti. "Haya. Wiki tatu hizi u mtu mzima. Umelala kwangu, umekula kwangu, nimemkogesha mwanao. Mimi naitwa nani?"

Honorine alifungua kinywa. "Mama Komiti."

"Hicho ni cheo. Wamenipa juzi juzi hapa. Nakuuliza jina."

Hakuwa nalo. Alilisaka, akapita siku zote ishirini na moja, jikoni, shambani, kisimani, na hakuna mahali alipoliacha kwa sababu hakuna mahali alipoliokota. Kila siku alikuwa ameogopa kuulizwa jina lake, na hata siku moja hakuuliza la mwenzake. Watu wa Gbeiplay walikaa wakimtazama, hakuna aliyemnong'oneza. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, aibu ya kweli, siyo ile ya kurithi kwa baba. Hii alikuwa ameitengeneza mwenyewe.

Akapiga magoti pale mchangani, mtoto mgongoni.

"Mama," alisema, "jina lako nani? Na baba yako nani?"

Mama Komiti alimwacha angoje. Kisha akasema, kwa sauti ya kufika nje ya kibanda, "Yei. Yei Gonkartee. Baba yangu ni Gonkartee, mfua vyuma wa mji huu, na ng'ambo hakuna aliyeniuliza. Sema."

Honorine akasema, ulimi ukamteleza katikati.

"Tena."

Safari ya pili alilisema lote sawasawa, la mtu na la baba.

Yei Gonkartee akainama mezani, akafuta penseli kwa kidole gumba, akaandika kwa wino. Aliandika bila haraka, herufi kubwa, akauliza Gueu inaandikwaje, akaambiwa. Halafu akachukua kokwa kutoka kwenye sahani, akaipasua kwa ukucha, kipande akamtia Honorine mkononi, kingine akakitia kinywani mwake.

"Nina hasira na wewe," alisema akitafuna. "Nitakuwa nayo kesho, na keshokutwa pia usije ukashangaa. Lakini huyu ni mgeni wangu. Nyahn!"

"Mimi simo," alisema Nyahn.

"Nenda kasimamishe lori."

"Mimi? Kwa mkwe wa Gueu? Mimi?"

"Wewe. Muulize jina lake kwanza, halafu umshushe."

Nyahn alitema mate, akamtazama chifu, akamtazama Honorine aliyekuwa bado amepiga magoti anatafuna ile kola chungu huku analia, akatoka. Alitukana njia nzima mpaka shuleni, lakini alikimbia.